Mtazamo wa Dereva ni Mali ya Nani?

Pale Kibaigwa, malori yanapoegesha karibu na soko la mahindi, dereva wa semi-trela iendayo Rwanda alinionyesha kijikamera cheusi kilichobandikwa juu ya dashibodi, kikubwa kidogo kuliko kiberiti. Kijikamera hicho hakitazami barabara, kinamtazama yeye. Akisinzia kinapiga kelele, akiinamia simu kinapiga kelele, na kila kinapolia tajiri wake aliyeko Dar es Salaam anapata kipande cha video. Hayo alikuwa ameyazoea. Lililomkosesha raha ni jingine: "Kaka, hawa si wananichukua mboni kama wale wa Kenya?" Swali hilo nimelisikia tena Dodoma mjini, kwa muuza vipuri wa Kizota na kwa kijana aliyemaliza chuo kikuu, kila mmoja akiliuliza kwa namna yake. Hofu yao ina msingi, ila wameielekeza pasipo. Kamera ile haihitaji kujua dereva ni nani. Tajiri anamjua kwa jina, kwa leseni na kwa namba ya simu ya mkewe. Kinachokusanywa pale ni mtazamo: macho yameelekea wapi, yametua kwa muda gani, kope zimefumba mara ngapi. Nasema rekodi ya mtazamo ni nyeti kuliko picha ya jicho lenyewe, kwa sababu jicho hueleza wewe ni nani na mtazamo hueleza kilichomo kichwani mwako. Na ulinzi wake hautapatikana kwa kuikataza kamera isitazame. Utapatikana kwa kuhakikisha ilichokiona kinafia mle mle ndani ya gari.

Mkanganyiko huu chanzo chake kinajulikana. Julai 2023 mradi wa Worldcoin, ulioasisiwa na Sam Altman, mmoja wa waasisi wa kampuni ya akili mnemba ya OpenAI, na wenzake, ulizinduliwa rasmi, na jijini Nairobi watu wakapanga foleni ndefu ili kifaa cha mviringo kama mpira kipige picha ya airisi zao, yaani ule mduara wa rangi unaoizunguka mboni. Malipo yalikuwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya karibu shilingi 7,000 za Kenya. Mapema Agosti serikali ya Kenya ikausimamisha mradi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamuru taarifa zilizokusanywa zifutwe. Sisi huku tulikuwa na uzoefu wetu: kuanzia Mei 2019 hadi Januari 2020 tulisajili upya laini za simu kwa alama za vidole. Mambo hayo mawili yametuzoesha kuuona mwili kama kitambulisho. Kidole ni saini, airisi ni saini, uso ni saini, na hatari tunayoiwaza ni mtu kuiba saini hiyo akajifanya sisi. Ni hatari ya kweli. Lakini airisi ikishapigwa picha mara moja haina jipya la kusema kesho. Mtazamo hubadilika kila sekunde, na kila badiliko ni habari mpya.

Hapa inabidi nieleze kazi hiyo inavyofanyika, maana uzito wa jambo uko humo. Katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuna kidoa kidogo chenye uwezo wa kuona kwa ukali. Kinafunika nyuzi (digrii) kama mbili tu za eneo lote tunaloliona, karibu upana wa ukucha wa dole gumba ukinyoosha mkono mbele yako. Kwa hiyo jicho halina budi kurukaruka, mara tatu au nne kwa sekunde, likikipeleka kidoa hicho kwenye kile ambacho ubongo unakitaka kwa wakati huo. Katika maabara ya Mfaransa Émile Javal, mwaka 1879, jambo hilo lilionekana kwa watu wanaosoma: macho hayatelezi juu ya mstari, yanaruka na kutua, yanaruka na kutua. Baadaye, katika miaka ya 1950 na 1960, mwanasayansi wa Kisovieti Alfred Yarbus akawaonyesha watu mchoro mmoja wa Ilya Repin, mgeni asiyetarajiwa akiingia sebuleni kwa familia, na akawa anabadilisha swali tu. Alipowauliza kuhusu hali ya kipato ya familia ile, macho yalizunguka kwenye samani na mavazi. Alipowauliza umri wa waliomo, yakahamia nyusoni. Mchoro ulikuwa uleule. Njia ya macho ilifuata swali lililokuwa kichwani. Mwaka 1966 Daniel Kahneman na Jackson Beatty wakaongeza lingine: mboni hutanuka kadiri mtu anavyobeba tarakimu nyingi zaidi kichwani, na husinyaa anapozitaja na kuutua mzigo. Hakuna aliyeamua kutanua mboni yake. Vifaa vya leo humulika uso kwa taa ndogo za infraredi ambazo hatuzioni, kamera ikapima nafasi iliyopo kati ya mboni na nukta ya mng'ao juu ya konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, na programu ikapiga hesabu jicho limeelekea wapi. Kamera ya lori haina ukali wa maabara. Kwa kazi ya kupima kope na mwelekeo wa macho, inatosha.

Wengi wetu tunadhani haya ni mambo ya miwani ya bei mbaya, kama Vision Pro ya Apple iliyoanza kuuzwa Marekani Februari 2024, ambayo mtu akiivaa huchagua kitu kwa kukitazama. Kwa hapa Dodoma teknolojia hii haitaingilia mlango huo. Inaingilia bandarini. Lexus ilianza kuweka kamera ya kumwangalia dereva mwaka 2006. Subaru Forester ya mwaka 2018 ilikuja, kwa baadhi ya matoleo, na kamera inayofuatilia macho na yenye uwezo wa kukumbuka sura za madereva hadi watano. Umoja wa Ulaya umeamuru kila gari jipya liwe na mfumo wa kumwonya dereva anayechoka, kuanzia Julai 2024, na onyo la dereva aliyeondoa macho barabarani ni lazima kwa magari yote mapya kuanzia Julai 2026. Sisi ni wanunuzi wa magari yaliyotumika, mengi kutoka Japani, na ushuru wetu wa uchakavu huanza kuuma gari linapopita miaka minane. Kwa hiyo tunafuata nyuma ya wengine kwa miaka saba au minane, bila kukusudia. Mtu ataagiza gari kwa kuangalia bei, rangi na ulaji wa mafuta, na kamera itakuja juu yake kama inavyokuja redio inayozungumza Kijapani, bila mtu kuuliza inafanya nini.

Siandiki kutaka vifaa hivi virudishwe vilikotoka. Tangu mwaka 2023 mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, barabara ya Morogoro hadi Dodoma na ile ya Manyoni kwenda Singida ina watu wengi zaidi walioshika usukani saa tisa za usiku. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, dereva akisinzia kwa sekunde tatu, limekwenda zaidi ya mita 66 bila mtu. Kengele inayolia katika sekunde ya pili inaokoa maisha, nami siwezi kumtazama mjane usoni nikamwambia faragha ya marehemu ilikuwa na thamani kuliko uhai wake. Yupo pia mtu aliyepooza mwili mzima akabakiwa na macho tu. Kwake kompyuta inayofuata jicho ndiyo kinywa, na tangu 2024 uwezo huo umo ndani ya simu za iPhone bila kuhitaji kifaa cha ziada. Na kama kuna Watanzania wanaojua kutoa macho yao kwa ajili ya elimu, ni watu wa Kongwa, wilaya yenyewe ambayo Kibaigwa imo. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao wa Tanzania wamefuatilia ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, katika vijiji vile. Kope za watoto ziligeuzwa na kukaguliwa, nyingine zikapigwa picha, na kazi hiyo imechangia dunia kujua jinsi kunawa uso na dawa ya azithromaisini vinavyosaidia kuupunguza. Nami niligeuzwa kope utotoni na muuguzi mwenye mikono iliyonukia sabuni. Nakumbuka karaha yake, na nakumbuka pia kwamba alianza kwa kumweleza mama anatafuta nini. Jicho lilitolewa kwa kazi inayojulikana, na faida ikarudi kwenye jicho lilelile. Nikipima kamera yoyote leo, naipima kwa kipimo hicho.

Wanaoitetea rekodi ya mtazamo bila masharti huanza na hoja iliyo dhaifu kuliko zote: kama huna cha kuficha, unaogopa nini? Hoja hii inachukulia kwamba kufichua ni tendo. Barua nimeiandika, ujumbe nimeutuma, neno nimelisema. Katika yote hayo kulikuwa na nafasi, hata ya nukta moja, ya kusita. Mtazamo hauna nafasi hiyo. Jicho limekwisha kuruka kabla mwenyewe hajajua. Waswahili waliposema macho hayana pazia walimtetea anayetazama, kwamba huwezi kumzuia mtu kuona kilicho mbele yake. Msemo ulikuwa wa haki kwa sababu aliyetazama alijua peke yake alichokitazama. Kijana akimtupia jicho mtu aliyepita sokoni Majengo, habari iliishia kwake. Mtumishi akisoma tangazo la uhamisho ubaoni, jicho likagota kwenye jina moja, hakuna aliyemwandikia. Mgonjwa akiwa kwenye benchi la kusubiri mbele ya bango lenye magonjwa sita, akarudi mara tatu kwenye ugonjwa mmoja, bango halikumsema. Tumeishi hivyo tangu kuumbwa, tukiwa na uhuru wa kutazama bila kutoa hesabu. Kamera inayotunza mtazamo inauondoa uhuru huo, na haimwondolei mwovu peke yake.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na naisikia kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema faragha ya macho ni wasiwasi wa walioshiba: mkoa wenye vijiji vinavyohangaikia maji kila kiangazi hauna muda wa kujadili mboni. Nakubali kwamba kisima kinatangulia. Ila tazama ni nani anayetazamwa kwanza. Mkurugenzi mwenye ofisi Mtumba, kwenye mji wa serikali, hatawekewa kamera ya kumpima usinzivu kwenye kiti chake. Atawekewa dereva, atawekewa mlinzi wa usiku, atawekewa binti anayepokea simu za wateja, na anayefanya mtihani kwa njia ya mtandao akiomba kazi ya kwanza. Teknolojia ya kumwangalia mtu hushuka kwa wasio na sauti kwanza, na ikishazoeleka huko hupanda. Kwa hiyo masikini ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya sheria hii, hata kama hana muda wa kuijadili.

Wapo pia wanaosema tusihofu kwa kuwa vifaa hivi havijawa sahihi sana. Hilo linanitia hofu zaidi. Kwetu mtoto akisemeshwa na mkubwa huinamisha macho. Kwa Wagogo, na kwa makabila mengi ya nchi hii, kumkodolea mzee macho ni utovu wa adabu. Kijana aliyelelewa hivyo akiketi mbele ya kamera ya usaili na kuinamisha macho kwa heshima, programu iliyofunzwa kwa nyuso za watu wengine itamsoma kuwa hajiamini, au anasoma majibu mahali. Hatapewa nafasi ya kujieleza kwa sababu hataambiwa alihukumiwa kwa lipi. Na dereva aliyeugua vikope utotoni, kope zikabaki na makovu na kulegea, anaweza kuhesabiwa kuwa anasinzia akiwa macho kabisa. Mwisho wa mwezi tajiri anaona orodha: huyu amesinzia mara 40. Katika wilaya iliyobeba ugonjwa huo kwa miaka mingi, mfano huu si wa kubuni kwa mbali.

Jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba dereva aliridhia. Aliridhia vipi? Aliambiwa gari hili lina kamera, ukitaka ufunguo huu hapa. Ridhaa ya mtu ambaye kukataa kwake ni kukosa mkate si ridhaa ya kutegemewa, na ndiyo maana suala hili haliwezi kuachiwa mikataba ya watu wawili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Aprili 2024. Sheria hiyo inazitaja taarifa za kibayometria na za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na inadai ridhaa ya maandishi kabla ya kuzichakata. Ni msingi mzuri. Tatizo ni kwamba neno bayometria duniani kote limezoeleka kumaanisha kinachomtambulisha mtu. Sheria ya jimbo la Illinois la Marekani, ya mwaka 2008, inayosifiwa kwa ukali wake, inataja retina, airisi, alama za vidole, sauti, na umbo la mkono au uso, mtazamo haumo. Mwenye kampuni akija mbele ya Tume akasema mimi sikusanyi airisi, napima tu macho yameelekea wapi, atakuwa amesema kweli, na atapita katikati ya sheria kama maji kwenye tenga. Tume haihitaji sheria mpya kuuziba mwanya huo. Inahitaji kutamka, kwa mwongozo wa kurasa chache, kwamba kumbukumbu za mwendo wa macho, kope na mboni ni taarifa nyeti hata kama hazitumiki kumtambua mtu.

Ulaya imeonyesha njia, na napenda tuiazime ilivyo. Kanuni ileile iliyolazimisha kengele ya usinzivu inasema mifumo hiyo isirekodi mfululizo, taarifa zibaki ndani ya mzunguko wa gari lenyewe, asipewe mtu mwingine wakati wowote, na zifutwe mara tu baada ya kuchakatwa. Kengele inalia, dereva anaamka, hakuna kinachobaki. Vilevile, tangu Februari 2025 sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba inapiga marufuku mifumo ya kukisia hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Wanaosema usalama na faragha havikai pamoja wasome kanuni hiyo ya magari, maana imeviweka pamoja katika aya moja. Nakiri kwamba kufungia taarifa ndani ya kifaa hakumalizi kila kitu. Apple ilijenga Vision Pro ili programu zisijue mtu anatazama wapi mpaka achague. Hata hivyo mwaka 2024 watafiti waliweza kukisia herufi alizokuwa akichapa mtu kwa kuangalia tu macho ya sanamu yake ya kidijitali kwenye simu ya video. Kasoro hiyo ilirekebishwa. Funzo ninalolipata ni kwamba mtazamo huvuja hata kwa tundu ambalo aliyejenga hakuliona, kwa hiyo atakayeamua kuurundika kwenye hifadhi ya mbali kwa miaka amejitafutia janga.

Kwa hapa kwetu ningetenganisha kengele na kumbukumbu. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, inafuatilia mwendo wa mabasi kwa satelaiti na hilo ni sawa kabisa: mwendo wa gari barabarani ni jambo la umma, abiria 60 wamo ndani. Mtu akiniambia kesho mamlaka inataka kila basi la usiku liwe na kamera ya usinzivu, nitaunga mkono, mradi kanuni iseme inalia ndani ya kabini na haitumi uso wa mtu popote. Tajiri akitaka kujua kama dereva wake amechoka, apewe idadi na saa, apange ratiba ya mapumziko. Video ya uso haimsaidii kupanga ratiba. Idadi hiyo nayo isiwe sababu ya kumfukuza mtu kabla hajasikilizwa na macho yake hayajapimwa na daktari. Kwa mwenye kununua Forester iliyotumika, akague kama imekuja na sura za watu zilizohifadhiwa na azifute kabla hajaweka yake, na afanye hivyo tena siku atakapoiuza. Hayo hayahitaji bajeti. Yanahitaji kuandikwa sasa, wakati kamera hizi bado zinahesabika, maana kampuni ikishajenga biashara juu ya kumbukumbu za macho itadai fidia ya kuziacha.

Nilimweleza dereva wa Kibaigwa kwamba mboni yake haijachukuliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akaniuliza lingine. Kuna siku alitoka kumzika mama yake Singida, akalia njia nzima hadi Manyoni, huku akijifuta na kufumba macho, na kile kijikamera kikawa kinapiga kelele kila mara. Je, na vipande hivyo vilikwenda Dar es Salaam? Nikamwomba anionyeshe mkataba wake wa kazi. Ulikuwa ukurasa mmoja, na neno kamera halimo.